Amboni na watoto, msimu huu wa kusi

Wenzangu wa Malindi mwajua kusi likishika huku hakuna bahari ya mtoto, ufuo wote mwani na maji yamechafuka, na skuli zikifungwa Agosti wamo ndani wapigania rimoti kutwa. Sie tukasema bas, twende Tanga tukaone mapango ya Amboni. Kwa wenye watoto nawapa nyota nne.

Na msimu ndio huu, masika yameshapita utelezi umepungua, nje kibaridi safi. Ila ndani msidanganyike, kuna vijia mpaka uiname na hewa nzito jasho latiririka, so msiwajaze masweta mtakuja kuyabeba nyinyi.

Mapango yako 10, mawe ya chokaa, lakini wageni huingizwa moja tu na wallahi hilo moja latosha. Kijana aliyetutembeza ana maneno huyo! Alianza na habari za miaka milioni 150, enzi za dinosaria, watoto hata hawamsikizi, kuja kumulika maumbo ya mawe ukutani, meli hii, mamba huyu, hapo sasa wakachangamka, wangu wa kati akashika huyo si mamba ni kenge, angalia mkia, wakabishana pale watu nyuma wangojea kupita mpaka kijana wa watu akasema haya kenge. Halafu akawapa stori ya Osale Otango alivyojificha humo na mwenzake miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni, kimyaaa. Popo ni wengi na harufu yao pia imo, mdogo aliingia ndani ya buibui langu hakutoka mpaka tuone jua. Kuna mahala pia watu huja kuomba wakaacha sadaka zao, waambieni mapema wasiguse kitu.

Kila mtoto na tochi yake, hiyo ya simu haifai maana mikono yote mwaihitaji. Raba, si kandambili. Wa kubebwa mwacheni kwa nyanya yake, mgongoni hapiti mule.

Nyota niliyokata ni ya safari, Malindi mpaka Lunga Lunga na watoto si mchezo, na bebeni vyeti vyao vya kuzaliwa na kadi za homa ya manjano msije mkazungushwa mpakani. Gesti tuliyolala ilituahidi gari asubuhi, gari hatukuliona, tukakodi bajaji, toka mjini ni kama kilomita 8 tu. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa, na mwambie akungoje.