Nyota tatu kwa duka la rangi, na kopo la kijivu lililobaki

Duka lenyewe silitaji jina. Liko Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, lina mashine ya kuchanganya rangi, kipoza hewa kinachofanya kazi, na vijana wanne waliovaa fulana za namna moja. Nimelipatia nyota tatu kati ya tano. Kwa kuwa binti ya kakangu ananiuliza kwa nini si tano, na fundi wangu wa chokaa ananiuliza kwa nini si moja, bora nieleze mara moja tumalizane.

Nyumba ni ya mamangu, Kibokoni, Mji wa Kale. Kwa kweli ni nyumba mbili zilizopandana. Chini ni ya mawe ya matumbawe, kuta za unene wa dhiraa moja, vyumba virefu na vyembamba kwa sababu wajenzi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3. Juu ni orofa aliyoiongeza marehemu baba mwaka 1983: bloku za simenti, nguzo za zege, madirisha makubwa. Sikujua kwamba tofauti hii ingenigharimu pesa. Kwangu mimi ukuta ulikuwa ukuta.

Nimeishi humo na rangi nyingi. Utotoni ilikuwa chokaa na nili. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mama alinunua nili ya kufulia, akaifunga kitambaani, akaikamua ndani ya pipa la chokaa mpaka ikatoka samawati hafifu. Sisi watoto tulikatazwa kukaribia, kwa sababu chokaa mbichi ikiruka jichoni si mchezo. Halafu ikaja rangi ya mafuta, kijani, kutoka sakafuni hadi kifuani kwa ajili ya mikono ya watoto. Miaka ya tisini kila nyumba yenye bi harusi ilikuwa pichi: sebule pichi, mapazia pichi, mpaka vitambaa vya makochi. Mwisho kakangu akapaka kirimu kila mahali na tukakaa nayo miaka ishirini bila mtu kuiona tena. Nje huko, mwaka 2018 kaunti ilipoamuru majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, tukazoea kuona mji umevaa sare kama wanafunzi. Ndani kwetu kirimu ilibaki kirimu.

"Shangazi," binti ya kakangu akaniambia Januari, "hii ni rangi ya afisi ya chifu."

Alitaka kijivu. Siku hizi ni kijivu tu, nendeni Nyali mkaangalie zile fleti mpya: kuta kijivu, makochi kijivu, zulia kijivu, na mto mmoja wa manjano kuonyesha kwamba kuna mtu anayeishi. Mimi kijivu nilikiona rangi ya simenti ambayo mwenyewe ameishiwa pesa. Lakini nyumba atakayeirithi ni yeye, nikamwambia twende.

Hapo dukani sina neno. Kijana alitukaribisha, "Karibu mamangu, keti," akatuletea kadi za rangi zilizofungwa pamoja kama kipepeo cha mkaa. Vijivu pekee vilikuwa karata tatu nzima. Nilimpa kipande cha ubao nilichokibandua kwenye dirisha la juu, akakiweka chini ya kijidude cha kusomea rangi, na mashine ikatoa rangi ileile, hata mimi nilipoviweka sambamba sikuona tofauti. Mashine yenyewe inadondosha matone ya rangi kali ndani ya ndoo ya nyeupe, ndoo inafungwa, inatikiswa kwa kishindo utadhani itapasuka. Kisha kijana akachovya kidole, akapaka kwenye kifuniko, akakikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. "Rangi ya maji ikikauka inakoza kidogo, mamangu. Usiihukumu ikiwa mbichi."

Akafanya jambo jingine ambalo muuza duka kwa kawaida hafanyi. Mimi nilikuwa nimepanga ndoo tatu za lita 20 kwa orofa ya juu. Akaniuliza vipimo vya vyumba, akapiga hesabu kwamba lita moja inapaka kiasi cha mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, akaniambia mbili zinatosha. Na kabla ya ndoo akaniuzia kopo dogo, nipake boksi la katoni, nilihamishe kutoka ukuta hadi ukuta, asubuhi na jioni. "Taa za humu zinadanganya," alisema. Kweli zilidanganya. Kijivu tulichokipenda dukani, nyumbani jioni kiligeuka zambarau, tukachagua kingine.

Orofa ya juu imetoka vizuri mno. Nasema hivi mimi niliyekuwa sitaki. Kuna mwanga unaopanda kutoka upande wa bandari ya kale, na kijivu kile unakipa uhai, asubuhi kama chuma, adhuhuri kama maziwa yaliyotiwa maji. Fremu za madirisha nyeupe. Ndoo mbili zilitosha, na zikabaki lita mbili tatu. Mvua ya mwaka imepita, ukuta haujatoa hata doa. Kwa kazi ya juu ningelipatia duka nyota tano na salamu.

Basi tukaingiwa na tamaa. Wakati orofa ya juu ni nzuri hivi, mbona chini tusifanye? Nikarudi dukani, nikanunua ndoo mbili nyingine za kijivu kilekile, KSh 11,500 kila moja, na kopo la lita 4 la akiba. Kijana akaniuliza rangi gani, ya kung'aa au isiyong'aa, nitalipa kwa simu au taslimu. Hakuniuliza ukuta ni wa nini. Mimi pia sikumwambia, ni kweli, lakini mimi siuzi rangi.

Tulipaka Februari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Wiki ya kwanza chumba cha chini kilionekana kama nyumba yenye msiba, giza na kijivu, nikajiambia nitazoea. Mei mvua ziliposhuka sawasawa, nikaona kwenye ukuta wa nyuma ya kabati kitu kama tui lililochemka: malengelenge, madogo kwanza, kisha makubwa kama sahani ya kikombe. Nikabonyeza moja kwa kidole. Ngozi ya rangi ikapasuka, ikamwaga unga mweupe laini sakafuni, na nyuma yake plasta imelowa, inabonyea. Harufu ya mtaro. Kufikia mwisho wa mwezi ukuta mzima ulikuwa unachubuka kuanzia sentimita chache juu ya sakafu hadi usawa wa bega langu.

Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Hawakunijibu vibaya, hilo nalisema. Ila jibu lao kwa kila swali ni ndoo nyingine. Kwanza waliniambia fundi hakupaka praima, ile rangi ya kutangulia. Alipaka, na praima niliinunua hapohapo. Halafu wakaniuzia rangi ya kuzuia maji, KSh 7,800, tukakwangua, tukapaka. Ilishika wiki tano. Ilipotoka haikutoka kwa malengelenge, ilitoka kama ngozi ya muhogo, vipande vizima na plasta imegandana nyuma yake. Ndoo iliyokwisha kuchanganywa hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti, siwalaumu kwa hilo.

Fundi wa chokaa niliambiwa na jirani. Mzee wa Lamu, kazi yake ni misikiti na nyumba za mawe. Aliingia, akavua viatu, akaweka kiganja ukutani akakiacha hapo muda kama daktari. Kisha akachukua ule unga mweupe kwa ncha ya kidole, akaulamba.

"Chumvi," akasema. "Bi mkubwa, hii nyumba inatoka jasho, na nyinyi mumeivisha koti la mvua."

Akanieleza. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta maji kutoka ardhini. Zamani maji hayo yalipanda kidogo, yakatoka nje kupitia plasta ya chokaa, yakakauka, hakuna aliyejua. Kakangu alipoona unyevu akapiga plasta ya simenti hadi kiunoni, akidhani anaziba. Simenti haikuyapa maji njia, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Rangi ya plastiki, hiyo ya dukani, ikaja kuziba hata hapo juu. Maji yakifika karibu na ngozi ya ukuta, yakaanza kukauka, chumvi inabaki nyuma, inajenga fuwele, na zile fuwele ndizo zinazosukuma rangi na plasta kutoka ndani. Hata ukipaka rangi ya bei gani.

Ilibidi simenti ibanduliwe. Alipiga tindo siku nne, na siku ya pili akaniita. Nyuma ya mahali palipokuwa na kabati, juu ya mstari wa simenti ya kakangu, alikuwa amebandua kipande cha rangi chenye unene wa sarafu ya shilingi tano, amekisafisha ukingo kwa msasa. Nikakipeleka dirishani. Kijivu chetu nje, chembamba mno. Kisha kirimu, kisha pichi, na nikakumbuka harusi ya dadangu mkubwa na yule fundi wa rangi aliyekunywa juisi yote ya wageni. Chini yake kijani cha mafuta, kinene, kinang'aa mpaka leo. Halafu samawati. Si moja, ni nyuzi nyingi za samawati na nyeupe zilizolaliana, nyingine nyembamba kiasi cha kuhesabika kwa ukucha tu, kila moja Ramadhani moja. Nilifika kumi na saba macho yakachoka. Kipande ninacho, nimekiweka kwenye kopo la vifungo.

Ukuta aliuacha wazi miezi miwili, madirisha yamefunguliwa, upepo wa kusi unapita. Tulikula juu. Kisha akapiga plasta ya chokaa na mchanga, akasubiri tena, ndipo akaanza kupaka. Hapa binti ya kakangu alikuwa bado ana kijivu chake kichwani. Mzee hakubisha, akasaga makaa, akatia kwenye chokaa, akapaka pembe moja. Chokaa ni kinyume cha rangi ya dukani: mbichi huioni, ni kama umepaka maji machafu, inakauka ndipo inaibuka, na inaibuka nyeupe kuliko ulivyodhani. Pembe ile ilitoka na michirizi kama mkia wa paka. Binti akaiangalia siku mbili, akasema, "Haya, nili."

Nili ya kufulia, ileile ya pakiti. Mzee anasema chokaa haiiunguzi rangi hiyo kama inavyounguza nyingine. Nikamkumbusha kwamba mama alikuwa akitia chumvi ndani ya pipa ili chokaa ishike. "Chumvi tunayo ya kutosha humu ukutani," akanijibu. Mikono sita, kila mkono mwembamba, ukuta unanyunyizwa maji kwanza. Chumba kimekuwa na ubaridi, na ile harufu ya mtaro imeondoka.

Tena msidhani chokaa haina kasoro. Inaambukiza. Mgeni wa kwanza aliyeegemea ukuta aliinuka na bega zima la buibui limekuwa jeupe, akaenda hivyohivyo hadi Makadara bila kujua, na akanipigia simu jioni na maneno yake. Sasa nimetundika mikeka nyuma ya viti. Na kila mwaka au miwili itabidi kupaka upya. Kwa mzee nililipa KSh 38,000 pamoja na vifaa, ukiongeza elfu thelathini na mia nane zilizokwenda dukani kwa ukuta uleule uliokataa. Nje sijagusa kitu. Mji wa Kale una afisi yake ya uhifadhi, na mtu habadilishi uso wa nyumba kwa kuamka tu.

Kwa hiyo nyota tatu. Mwenye bloku, mwenye fleti, mwenye nyumba ya Bamburi au Mtwapa iliyojengwa juzi, nenda, utahudumiwa kwa heshima na utapata rangi uliyoitaka bila kuuziwa ndoo ya ziada. Mwenye nyumba ya mawe, kabla ya kuonyesha kadi ya rangi waonyeshe kwanza picha ya ukuta uliochubuka, uone kama kuna atakayekuuliza umejengwa kwa kitu gani. Mwezi uliopita nilipita kununua msasa, nikamwambia kijana yuleyule kisa chote. Alisikiliza, akaandika kitu kwenye daftari, akanipa brashi ya bure. Wakianza kuuliza nitaongeza nyota ya nne.

Lile kopo la lita 4 liko chini ya ngazi, halijafunguliwa. Mwenye ukuta wa bloku na anayependa kijivu aje alichukue, ila asije saa ya kahawa akaegemea ukuta.