Grafini: kuipindisha au kuilaza sambamba?
Tandika chandarua juu ya kingine, kisha kizungushe kidogo: utaona madoa makubwa ambayo hayamo katika chandarua chochote kati ya hivyo viwili. Tabaka za atomu nazo hufanya vivyo hivyo, na elektroni hufuata madoa hayo.

Njia ya kwanza ya kupata madoa hayo ni grafini (tabaka ya kaboni yenye unene wa atomu moja) juu ya grafini, zikipishana kwa digrii 1.1 hivi. Hapo elektroni hupungua kasi mno hadi msukumano wao wenyewe unatawala. Wanafizikia Bistritzer na MacDonald walilikokotoa hilo mwaka 2011. Mwaka 2018 kundi la mwanafizikia Jarillo-Herrero pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, likaona umeme ukipita bila ukinzani kwenye kelvini 1.7 (takriban nyuzi -271 za Selsiasi). Ugumu uko katika kazi ya mikono: ukikosea digrii 0.2, hali hiyo umeikosa. Tena tabaka ikipashwa moto hupenda kujirudisha sambamba na mwenzake.

Njia ya pili, grafini hulazwa sambamba juu ya boroni naitraidi, fuwele ya boroni na nitrojeni yenye mpangilio wa atomu unaofanana na wa grafini. Nafasi za atomu zao hutofautiana kwa asilimia 1.8 hivi, kwa hiyo madoa ya takriban nanomita 14 hujitokeza bila kupindisha chochote, na pengo dogo la nishati (viwango ambavyo elektroni haiwezi kuwa navyo) huweza kufunguka. Maajabu ni machache, lakini hutulia. Mwanafunzi anayeanza ningemwanzishia hapa.