Kupeleka intaneti ya nyumbani hadi banda la nje: kipi ununue kwanza na kipi uache

Kama waifai ndani ya nyumba iko vizuri lakini ukifika gereji, karakana au kile chumba cha kazi kilichojitenga huko nyuma simu inabaki na kijistari kimoja halafu inakata, usikimbilie kununua kidude cha kwanza kilichoandikwa kinaongeza nguvu ya waifai. Kwanza pima umbali, ni mita ngapi. Pili simama kwenye mlango wa banda uangalie nyumbani, ukuta wa nyumba unauona au kuna miti na mapaa katikati? Tatu, unaweza kuchimba mtaro? Na banda lenyewe lina umeme? Ukishajua hayo uamuzi unakuwa mwepesi sana, maana kila kifaa kina mahali pake na kikitoka hapo hela imepotea.

Namba 1: faiba

Watu wengi wakisikia faiba, yaani kebo ya kioo inayobeba data kwa mwanga, wanadhani ni kitu cha makampuni tu. Sio kweli. Siku hizi unanunua kebo ya faiba ya nje ikiwa tayari imefungwa vichwa kiwandani, kwa urefu unaoutaka, kwa hiyo hamna mashine ya kuunganishia wala fundi maalum. Unaipitisha kwenye bomba, unachomeka midia konveta (kiboksi kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa waya wa netiweki na kurudisha) kila upande, kutoka hapo unaendelea na waya wa kawaida wa netiweki. Basi.

Sababu kubwa ya kuiweka namba 1 sio spidi, ni radi. Majengo mawili yanaweza kuwa na athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) zinazotofautiana, na ukiyaunganisha kwa waya wa shaba, radi ikipiga karibu umeme unapata njia ya kupita kwenye huo waya, unaondoka na rauta, swichi na kompyuta kwa mkupuo mmoja. Kioo hakipitishi umeme. Ila chagua kebo isiyo na waya wa chuma wala ganda la chuma ndani, la sivyo faida hiyo inapungua.

Chukua aina inayoitwa singo modi (yenye njia moja ya mwanga), inafika kilomita nyingi kwa hiyo umbali wa kiwanja haiusikii kabisa, na ukija kutaka spidi kubwa zaidi baadaye unabadilisha vifaa vya mwishoni tu, kebo inabaki ardhini. Sasa angalia vitu viwili kabla hujalipa. Rangi ya vichwa: kichwa cha kijani kimesagwa kwa mshazari, cha bluu hakina mshazari, ukichomeka kijani kwenye tundu la bluu kinaingia vizuri tu lakini mwanga unapotea na linki inasumbua. La pili, konveta za uzi mmoja zinauzwa kwa jozi, moja inatuma kwa nanomita 1310 na nyenzake kwa 1550, ukinunua mbili zinazofanana taa ya linki haitawaka hata ukeshe.

Namba 2: antena mbili zinazotazamana

Huwezi kuchimba, labda kuna zege au njia ya magari katikati? Hapa ndo pa daraja la wayalesi. Antena moja ukutani nyumbani, nyingine ukutani kwa banda, zinaelekezana, na banda linapata netiweki utadhani kuna waya. Za 5 GHz zinatosha watu wengi na kwa mita mia au mia mbili zinafanya kazi bila jasho.

Sharti ni zionane. Sio kuonana kwa kuchungulia kwenye majani, zionane kweli, tena ziachiwe nafasi, maana mawimbi hayaendi kama uzi ulionyooka, yanatanuka katikati ya safari. Kwa mita 100 na 5 GHz panahitajika kama mita moja hivi ya uwazi kuzunguka mstari wa kati, kwa hiyo antena inayopita juu ya ukingo wa paa kwa sentimita chache tu itakusumbua. Na miti inakua! Majani mabichi, hasa yakilowa mvua, yanakula mawimbi vibaya sana.

Wakati wa kununua soma karatasi ya vipimo, usiishie kwenye boksi. Kuna antena zimeandikwa megabiti 300 au 867 juu ya boksi lakini tundu lake la waya ni la megabiti 100, na hapo huvuki 100 ufanye ufanyavyo, kama laini yako ya nyumbani ina spidi kubwa tafuta yenye tundu la gigabiti. Nyingine ni umeme wa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya huohuo wa netiweki, kuna antena za volti 24 na kuna za volti 48, tumia adapta iliyokuja nayo, usichanganye, unaweza kuiunguza. Za 60 GHz zipo pia na zina spidi kali kweli, ila mvua kubwa inazipunguza nguvu na hata majani kidogo yanaweza kuzizuia.

Namba 3: waya wa Cat6

Huu ni waya wa netiweki wa shaba. Kikomo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na hapo hesabu kupanda na kushuka kuta pia. Uzuri wake ni huu, kama banda halina umeme waya huohuo unaweza kubeba moto wa kuwasha akses pointi (kifaa cha kugawa waifai) au kamera, kitu ambacho faiba haiwezi, kwa hiyo kwa banda la namna hiyo Cat6 inaweza kupanda hadi namba 1. Lakini weka kinga ya radi pande zote mbili na iwe na athi ya kweli.

Chunga sana waya feki. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba, ukitokea weupe kama wa fedha ni alumini iliyopakwa shaba, yaani ile inayoandikwa CCA, nayo inapoteza umeme njiani na inakatika ovyo. Na ganda liwe la nje, lile jeusi linalostahimili jua, la ndani litapasuka.

Zinazobaki

Adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme zinaweza kukubali kama banda linalishwa kutoka boksi la umeme la nyumbani, ila spidi halisi ni ndogo sana ukilinganisha na inayoandikwa, na huwezi kujua mpaka ujaribu. Chomeka moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni wala UPS, na nunua pale wanapokubali kurudishiwa.

Rauta ya laini ya simu inafaa kama banda liko mbali sana na halionekani, lakini unalipa bando la pili na printa na kamera za nyumbani hazitaonana na vifaa vya huko.

Ripita, kile kidude kinachopokea waifai na kuirusha tena, ni ya mwisho. Nyingi zinapokea na kutuma kwa masafa yaleyale hivyo spidi inapungua karibu nusu, na kama banda ni la bati ndo kabisa. Meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyoshirikiana kugawa waifai moja, ina nafuu, ila iwe imeunganishwa kwa faiba, daraja au waya, sio kwa hewa.

Ukishafikisha netiweki bandani unahitaji akses pointi ya kugawa waifai, na rauta ya zamani iliyolala kabatini inaweza kazi hiyo: zima DHCP yake (huduma ya kugawia vifaa anwani za netiweki), ibadilishie anwani isigongane na rauta kuu, chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) na sio WAN (la kuingizia intaneti), ipe jina na paswedi ileile ya nyumbani ila chaneli tofauti. Na kama ni kebo ya kuzika, iunganishe na uijaribu ikiwa bado iko juu ya ardhi, halafu ndo uipitishe kwenye bomba pamoja na kamba ya akiba ya kuvutia nyingine baadaye.