Injini ya trekta imechoka: uifungue au ununue nyengine?

Kwa mwenye Massey Ferguson 135 inayolima mabonde ya mpunga kama Cheju, Unguja, ushauri wangu ni huu: bloku (mwili wa injini) ikiwa nzima, fanya ovaholi ya injini yako mwenyewe, yaani ifunguliwe na vilivyochakaa vibadilishwe. Injini ya mtumba ya aina ile ile inashika nafasi ya pili. Injini ya gari, hata ukipewa bure, iache.

Trekta hili halina chesesi, yaani fremu ya kubeba injini. Ekseli ya mbele na giaboksi vimefungwa kwenye injini, na sampu yake (beseni la oili chini ya injini) ni nzito kwa sababu nayo inabeba uzito wa trekta. Ukipachika injini ya gari itabidi uchomelee fremu, na bonde lenye tope haliihurumii fremu ya kuchomelea. Hata injini ya Perkins AD3.152, aina ile ile ya trekta hili, ikitoka kwenye mashine nyengine, huweza kuja na sampu nyepesi. Hamishia ya kwako.

Kabla ya kufungua chochote, ipime. Injini ikishapata moto, toa mfuniko wa oili. Moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni na laina (silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimekwisha. Moshi mweusi na nguvu kupungua? Anza na nozeli na filta ya hewa, pengine ovaholi haihitajiki kabisa. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo mimi huiogopa bloku kuliko gasketi: huku visiwani wengi hujaza rejeta maji ya kisima ya chumvichumvi, na kutu hula njia za maji taratibu. Bloku ipimwe kwa presha kwanza.

Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, nayo ipimwe kwa maikromita. Husagwa kwa hatua, inchi 0.010, 0.020, 0.030, ikiwa imeshafika mwisho, mtumba unaweza kuwa nafuu. Tafadhali, usiagize beringi za krenki Dar es Salaam kabla krenki haijasagwa. Saizi ikikataa, nauli ya boti umeilipa mara mbili.

Ukienda kununua ya mtumba, shika bloku kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaipasha. Rudi asubuhi, uisikie ikiwaka baridi. Kisha ifunguliwe sampu, utolewe mfuniko mmoja wa beringi, uione krenki kwa macho yako.

Kazi hii ifanye kipupwe. Ukingoja Februari, mafundi wote wameshakamatwa na matayarisho ya masika. Na laina mpya zikishaingia, usiiache injini ikinguruma siku nzima bila mzigo: laina hung'ara, ringi hazikai, na oili huanza kuliwa upya. Ipe kazi ya wastani, mwaga oili ya kwanza mapema, kuburuga tope la bonde kufuate baadaye.