Manta ya sufu kutoka Temuco, Chile: uzoefu wangu

Wadau mnaoulizia nguo za asili za Chile, mimi naishi Santiago na hii manta nimeivaa msimu mzima wa baridi kwa hiyo naongea kitu nakijua. Ni kama blanketi lenye tundu la kichwa katikati, Wamapuche wenyewe, wenyeji wa asili wa kusini mwa Chile, wanaita makuñ. Yangu nimenunua Temuco, mji wa huko kusini, kwa mama mmoja Mmapuche, sufu tupu ya kondoo, uzi kasokota kwa mkono na kafuma mwenyewe kwenye witral, ile fremu ya mbao inayosimama wima.

Aisee inapasha joto! Mvua za kule kusini mwezi wa sita na wa saba hazina huruma lakini manyunyu yanaishia juu juu, ndani uko mkavu. Uzito upo, mabega utayasikia, na ikilowa inanuka kondoo, ila ianike kivulini harufu inaisha.

Kilichonigusa zaidi ni yule mama. Nilikuwa naitaka ile nyeusi yenye misalaba myeupe ya ngazi ngazi, akanieleza taratibu kwamba hiyo ni trarikan makuñ, nyuzi zinafungwa kabla ya kutiwa rangi ili palipofungwa pabaki peupe, na kwa desturi huwa ni vazi la lonko, yani kiongozi wa jamii. Akanitolea ya kijivu yenye mistari nikaichukua kwa moyo mmoja, maana muuzaji anayekwambia hivyo badala ya kukimbilia hela anastahili heshima zote.

Bei imechangamka, sikatai, ila kuna za juu zaidi. Kule Doñihue wanafuma chamanto za wale wapanda farasi wanaoitwa huaso, nyuzi laini mno, pande zote mbili zinavalika, mfumaji anakaa na moja miezi kadhaa na bei inaweza kupita peso milioni moja. Hizo utaziona kwenye rodeo, yale mashindano ya wapanda farasi, na sikukuu ya taifa ya tarehe 18 Septemba, wakati manta ya sufu unavaa hata ukienda sokoni.

Vijana wengi Santiago ni jinzi, hudi na raba tu. Mtaa wa Bandera umejaa maduka ya mitumba, wao wanasema ropa americana, yani nguo za Kimarekani, utadhani uko Karume au Gikomba. Mzigo mwingi unaingilia bandari ya Iquique na isiyouzika inaenda kutupwa jangwani Atacama, vilima vya nguo kabisa, inaniuma sana kuona hivyo halafu mama anayefuma kitu cha kudumu miaka anakosa wateja. Na manta juu ya jinzi na buti inatoka poa sana jamani, wadada wa huku wanaipatia.

Mkinunua kuweni makini na maduka ya watalii, nyingi ni akriliki za mashine. Omba kipande cha uzi ukichome: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu, akriliki inayeyuka. Kufua ni maji baridi na sabuni kidogo, msiitie kwenye mashine, itasinyaa.