Seva ya muziki nyumbani: laptopu ya mtumba ya kununua, na ya kuiacha dukani

Kupiga muziki ni kazi nyepesi mno kwa prosesa. Hata i5 ya mwaka 2012 ikicheza FLAC (faili za muziki zisizopunguzwa ubora) hukaa karibu bure. Kwa hiyo winga wa Kariakoo akianza kukusifia i7, mwache amalize, kisha muulize mambo matatu: betri inakaa muda gani, tundu la waya wa mtandao lipo, diski inabadilishika? Mashine hii itatunza muziki wako na kuupiga, ikiwaka usiku na mchana huku imefunikwa, pembeni ya ruta. Kioo chenye mstari au kibodi iliyokufa herufi mbili havikuhusu, na ni sababu nzuri ya kushusha bei.

1. ThinkPad X240 au X250. Zina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, hivyo umeme ukikatika seva haizimiki ghafla. Ila kilichozipa nafasi ya kwanza ni TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme wa laptopu: unaiambia iache kuchaji ikifika asilimia 80. Betri inayoshinda kwenye asilimia 100 miezi na miezi, tena kwenye joto letu la pwani, huvimba mpaka ikasukuma kibodi. Ndani ya /etc/tlp.conf weka mistari hii, kisha irudie kwa BAT1:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Nafasi ya RAM ni moja tu. Si neno, GB 4 zinatosha.

2. ThinkPad X230. Kikomo cha chaji nacho kipo. Betri ni moja, lakini diski hutoka kwa kufungua skrubu moja, na pale inapokaa kadi ya modemu panaingia SSD ndogo ya mSATA: mfumo ukae huko, muziki ubaki na diski kubwa. Angalia unene tu. Nafasi ya diski ni ya milimita 7. Zile za zamani za milimita 9.5 haziingii.

3. HP EliteBook 820 G1 au G2. Kifuniko cha chini hufunguka bila bisibisi, na nafasi za RAM ni mbili. Kwa fundi ni raha. Inashuka hapa kwa sababu TLP haina namna ya kuiwekea kikomo cha chaji, nayo itawaka mwaka mzima.

4. Dell Latitude E7240. Imara, ila inapokea mSATA tu, haina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Utaishia kuning'iniza diski ya nje kwenye USB, na waya ukitikiswa wakati wa kufuta vumbi, wimbo unakatikia katikati.

HP Stream 11 iache: hifadhi imeganda kwenye bodi na haina tundu la waya wa mtandao. Zile ndogo za Atom N270 ni za biti 32, na Debian 13 ya mwaka 2025 (Debian ni mfumo wa Linux) haina tena kisakinishi cha biti 32.

Dukani nenda na flashi yenye Debian Live, ile inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza ingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka (F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell). Ikidai nywila asiyoijua muuzaji, ondoka, hata akikupa kwa nusu bei. Kisha washa kwa flashi, fungua folda ya /sys/class/power_supply/BAT0 na ugawanye energy_full (chaji ambayo betri inabeba sasa) kwa energy_full_design (ya ilipokuwa mpya). Baadhi ya mashine huandika charge_full. Ukipata chini ya 0.6, gharama ya betri mpya iondoe kwenye bei. Washa hotspoti ya simu, sakinisha smartmontools (programu ya kupima afya ya diski), piga sudo smartctl -a /dev/sda. Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri, hesabu kwamba diski hiyo hukununua.

Kuhusu ukubwa: albamu ya FLAC hula MB 300 hadi 400, kwa hiyo GB 500 hubeba zaidi ya albamu elfu moja. MP3 ya 320 kbps hula MB 2.4 kwa dakika.

Ukitaka kusikiliza kwenye simu, weka Navidrome (bandari 4533). Ukitaka laptopu yenyewe ndiyo ipige kwenye sabufa, weka MPD (6600). Zote mbili zinakaa pamoja bila ugomvi. Kwenye /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore kisha uwashe upya, la sivyo ukifunika tu inalala.

Sabufa ikivuma, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ethi: chomeka laptopu na sabufa kwenye ekstensheni moja kabla ya kukimbilia kununua DAC ya USB, yaani kadi ya sauti ya nje.

MPD ikionyesha maktaba tupu, mara nyingi muziki uko ndani ya /home, mahali ambapo mtumiaji mpd haruhusiwi kusoma. Uhamishie /srv/muziki, rekebisha music_directory kwenye mpd.conf, piga mpc update ili MPD isome maktaba upya. Na ukishaweka DAC, usiandike hw:1,0 kwenye mpd.conf, maana namba hiyo ya kadi ya sauti huweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Piga aplay -L, uchukue jina linaloanza na hw:CARD=.