Medieval II: Total War: uzoefu wangu wa kupanga vikosi kabla ya pambano

Gemu hii ya Creative Assembly ya Uingereza ilitoka mwaka 2006, na kwa upande wa kupanga vikosi bado naipa alama za juu. Ramani kuu inachezwa kwa zamu, ila majeshi mawili yakikutana unashushwa uwanjani na kila kitu kinakwenda kwa wakati mmoja. Kabla pambano halijaanza unapewa eneo lako la kujipanga, na ukicheza dhidi ya kompyuta hakuna saa inayokukimbiza. Wachezaji wengi wanabofya kuanza hapo hapo, halafu wanalalamika kwamba wapanda farasi wa adui wana nguvu kupita kiasi.

Jeshi moja haliwezi kuzidi vikosi 20. Mpangilio unaoukuta umeshawekwa usiuamini. Zungusha kamera kwanza utafute mwinuko ndani ya eneo lako, maana mshale unaotoka juu unafika mbali zaidi. Chagua kikosi, shikilia kitufe cha kulia cha mausi na uburute: ndivyo unavyoamua upana wa safu na upande inakotazama. Wenye mikuki nawapa safu nne au tano kwenda nyuma. Safu mbili zinapasuliwa na farasi mara moja.

Wapiga upinde wanaweza kukaa nyuma ya askari wa miguu, hasa kwenye mteremko, kwa sababu mishale yao inapanda juu kabla ya kushuka. Wapiga pinde za mtambo (crossbow) usiwaweke hapo kwenye ardhi tambarare. Mishale yao inakwenda karibu na usawa, kwa hiyo inaishia migongoni mwa wenzao. Wape ubavu, au mbele kabisa.

Sasa vigingi. Wapiga pinde ndefu wa Waingereza wana kitufe cha kusimika vigingi vilivyochongwa, kama wale waliopigana na Wafaransa huko Agincourt mwaka 1415, pambano ambalo pia limo kwenye gemu. Kitufe hicho kinafanya kazi wakati wa kujipanga tu. Pambano likianza, umechelewa. Kwa hiyo tandaza kikosi kwanza, kigeuze kiangalie njia ambayo farasi watapita, ndipo usimike. Farasi akivamia vigingi kwa kasi, amekufa pale pale. Lakini vigingi havijui bendera: wapanda farasi wako wakipita humo nao wanakwisha. Ndiyo maana naacha mwanya kwenye mstari, mpana wa kutosha farasi wangu kutoka na kurudi, na nauziba kwa kikosi kimoja cha mikuki. Askari wa miguu wa adui wanavipita bila shida, basi usivifanye ukuta.

Jenerali akae nyuma ya katikati. Akiuawa, ari ya jeshi zima inashuka. Wapanda farasi wengine wafiche msituni pembeni kama msitu upo.

Ukiwa unalinda mji, minara inarusha mishale pale tu askari wako wakiwa karibu nayo. Hili linawapita wengi: wanawarundika wote uwanjani katikati ya mji, kuta zinabaki bubu. Weka kikosi juu ya ukuta kwenye kila upande unaoshambuliwa, na mikuki ndani ya lango, ikilizunguka kwa nusu duara. Ukiwa mshambuliaji, gawa ngazi na kigogo cha kuvunjia lango mapema, maana kubadilisha mikono chini ya mishale kunakula watu.

Lisilonipendeza ni vikosi ndani ya miji. Mitaa ni myembamba, askari wanakwama na kupanga foleni, na mpangilio wako mzuri wa nje hauna maana tena.

Kabla ya kubofya kuanza, angalia kadi za wapiga upinde, yaani picha ndogo za vikosi chini ya skrini. Kama hali ya kurusha na kurudi nyuma imewashwa, izime kwa walio nyuma ya vigingi, la sivyo adui akisogea wanakimbia na kuviacha vigingi peke yake.